Acheni Kuuahidi Mnazi Kiwanda

Mwanasiasa anayetaka makofi ya haraka Kaloleni, Rabai au Chonyi ana ahadi moja isiyochacha: kiwanda cha mnazi. Mnazi wetu, atasema, unadharauliwa kwa kuwa unanuka, unaharibika kwa siku moja, na hauna chupa ya kuupandisha kwenye meza za hoteli za Watamu na Malindi. Uchemshwe, uchujwe, utiwe kionjo cha nanasi, ubandikwe lebo, basi utakaa rafu moja na Tusker. Watu hupiga vigelegele. Msomi wa mjini naye huitikia, maana hajawahi kuupenda mnazi na sasa amepata sababu ya kisayansi ya kutoupenda. Hata wanywaji wenyewe, walioketi mangweni, kwenye vilabu vya mnazi, na mrija mdomoni, wameanza kuamini kwamba kinywaji chao ni malighafi tu inayongoja kufanywa kitu cha maana.

Mimi nabisha. Naipinga ahadi, na naipinga sababu inayotolewa. Mnazi haunuki. Kinachonuka ni mtungi usiooshwa, ni pipa linaloongezwa upya juu ya ukuukuu, ni safari ya jua kali nyuma ya bodaboda. Ile harufu nzuri ambayo kiwanda kinatumwa kwenda kuitafuta tunayo tayari. Huzaliwa mtini, huishi saa chache, na ikishapotea hakuna mtambo wa kuirudisha. Anayetaka kuiboresha ladha ya mnazi aanze kwa mgema, kisha aitazame saa.

Tupande juu basi, kwa sababu wengi wanaoandika mipango ya kuuongezea mnazi thamani hawajui kinachofanyika huko. Mgema hupanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Huchagua karara ambalo halijapasuka, ua likiwa lingali limefumbwa ndani, akalifunga kwa kamba na kuliinamisha kidogokidogo, siku baada ya siku, lisije likavunjika. Ncha yake huikata kwa kotama, kile kisu kipana kilichopinda. Tangu hapo hupanda asubuhi na jioni, na wengine adhuhuri pia, kukata kipande kingine. Kipande hicho hakina budi kuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Kikiwa kinene, karara huisha mapema na mgema amekula akiba yake mwenyewe. Akiacha kukata, jeraha hukauka, utomvu hukatika na ncha huanza kuoza. Kotama butu nayo haikati, huponda, na nyama iliyopondwa ni makao ya kila kijidudu kipitacho. Mtazame mgema hodari kabla hajapanda: hupapasa makali kwa kidole gumba, akarudi kwenye kinoo, akapapasa tena. Harufu ya mnazi utakaokunywa jioni imeanza kuamuliwa pale kwenye kinoo, na hakuna afisa wa maendeleo anayekihesabu kinoo kuwa kifaa cha kuongeza thamani.

Kinachodondoka kwenye jeraha hilo ni maji matamu yenye sukari kama asilimia 12 hadi 15, hayana kileo wala uchachu. Lakini hayafiki chini ya kibuyu yakiwa peke yake. Hamira iko hewani, iko kwenye ua, na iko kwenye mashapo ya jana. Bakteria nao wapo. Katika joto letu la nyuzi 30 hawangoji kualikwa. Hamira, ya jamii ileile inayoumua mkate na kuchachusha bia, Saccharomyces cerevisiae, hula sukari ikatoa kileo na gesi, na pamoja na kileo hutoa esta, kemikali zenye harufu ya matunda: ndizi mbivu, tufaha, nanasi. Ndiyo, nanasi. Kile kionjo ambacho mheshimiwa anataka kukiagiza kwa pipa, hamira ya Chonyi inakitengeneza bure. Bakteria wa aina ya wale wanaogandisha maziwa huongeza uchachu mwembamba unaoamsha ulimi. Yuko na mwingine, Zymomonas mobilis, ambaye watengenezaji wa bia na wa sida, mvinyo wa tufaha, huko Ulaya humchukia kwa kuwaharibia mapipa kwa harufu ya yai viza. Kwenye tembo letu, na kwenye pulque ya Mexico, huyo ni kibarua wa kila siku na hana ubaya mradi wenzake wawepo.

Wa mwisho kufika ni bakteria wa siki. Hao huhitaji hewa, na huhitaji kileo kilichokwisha kutengenezwa na wengine, wakigeuze siki. Hawachelewi. Mnazi ulioachwa wazi siku ya pili una harufu ya achari, na nzi wadogo wa matunda wanaozunguka mdomo wa mtungi ndio wanaowabeba kutoka chombo hadi chombo. Kinga yake wazee waliijua: kilifu kilichofunikwa vizuri mdomoni mwa kibuyu, gesi itoke, mdudu asipite. Siku hizi utaona chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, imening'inia wazi, na nyuki watatu wamekufa ndani. Kisha tunaambiwa tatizo ni kukosa lebo.

Kuna hesabu moja ambayo watu hawaipigi. Chombo kilichotungikwa magharibi kikateremshwa alfajiri kina utomvu wa rika nyingi: tone la kwanza lina umri wa saa kumi na mbili, la mwisho lina dakika moja. Kwa hiyo muuzaji akikwambia mnazi wake umetoka mtini sasa hivi, hajasema uongo wala hajasema kweli. Mnazi wa asubuhi ni mkubwa kwa mnazi wa adhuhuri, hata ukiteremshwa mbele ya macho yako. Umri huanza pale chombo kilipotungikwa. Mgema anayepanda mara tatu, akabadilisha chombo kila mara, anapata vinywaji vitatu tofauti kutoka mti mmoja: mzito wa alfajiri, mtamu wa mchana, na wa jioni ulio katikati. Hiyo ni orodha ya vinywaji ambayo hoteli yoyote ingejivunia. Tunafanya nini nayo? Tunaimimina yote kwenye pipa moja.

Ushahidi bora kwamba mnazi haunuki kwa asili yake hauko maabara. Uko jikoni. Kabla hamira ya pakiti haijajaa madukani, akina mama wa miji ya Pwani waliumua mikate na vitumbua kwa tembo tamu, lile bichi la kutoka mtini. Hawa ni watu wa udi na asumini, watu wanaofukiza mtungi wa maji ya kunywa ili maji yenyewe yanukie. Na wengi wao hawakugusa kilevi maisha yao yote. Je, wangetia ndani ya unga wa familia kitu chenye harufu ya jalala? Walichokuwa wakikitafuta ni ule utamu na lile povu la saa za mwanzo, na walijua tembo likikawia mkate huharibika. Mpishi wa Mambrui aliijua saa ya mnazi kuliko wengi wanaouuza leo.

Sasa twende mangweni, maana lawama si za wanasiasa peke yao. Wanywaji wetu wana imani yao, nayo ina nguvu kama dini: mnazi mkali ndio mnazi. Mtamu ni wa wanawake na watoto, husema, na mwanamume hunywa unaomfanya akunje uso. Imani hii imeua ladha ya mnazi kuliko marufuku yoyote ya serikali. Ukali wanaousifu ni vitu viwili vilivyochanganywa ulimini. Kuna ukali wa kileo, ambao kwa siku moja hufika kama asilimia 4 hadi 6, na kuna ukali wa siki. Siki inatengenezwa kwa kukila kileo chenyewe. Yaani kadiri mnazi unavyokuchoma koo siku ya pili na ya tatu, ndivyo nguvu unayoilipia inavyopungua. Mteja anayekataa mnazi wa mchana akangoja wa juzi kwa kuwa wa juzi una nguvu, analipa bei ya kileo kwa kinywaji kinachoelekea kuwa siki, na kesho yake tumbo humsomea risala.

Muuzaji anajua haya vizuri na hana sababu ya kumsahihisha mteja. Imani hiyo inamruhusu auze mabaki. Lile pipa la buluu pembeni mwa kibanda haliishi kabisa: likifika nusu huongezwa, likifika robo huongezwa, na mashapo ya chini yana umri ambao hakuna anayeukumbuka. Ukimuuliza atakwambia mashapo ndiyo mama wa mnazi, yanampa mgeni nguvu. Kweli, yanamchachusha haraka. Lakini yanampa pia jeshi zima la bakteria wa siki waliokwisha kushiba. Mnazi uliotoka Mwarakaya ukiwa na harufu ya ua unaingia humo saa nne asubuhi, na saa nane mchana haujijui. Methali yetu inamlaumu mgema kwamba akisifiwa hulitia tembo maji. Siku hizi mgema wala hasifiwi. Maji na sukari hutiwa njiani, na dalali ndiye anayechekelea.

Chombo cha safari nacho kina kesi ya kujibu. Mtungi wa manjano wa lita 20 uliobeba mafuta ya kupikia una harufu isiyotoka kwa kusuuzwa na maji baridi. Plastiki ikichunika ndani huweka mistari ambamo bakteria hulala wakingoja. Uoshwe kwa maji ya moto na brashi, upinduliwe juani hadi ukauke kabisa, usitumike tena ukishachubuka. Gharama yake ni kuni na dakika chache. Majirani zetu wafugaji wa kaskazini ya mto Sabaki, Waorma na Wasomali, hawatii maziwa kwenye chombo kabla hawajakifukiza kwa moshi wa mti waliouchagua, na moshi huo hulinda maziwa na kuyapa ladha ambayo watu huisafiria. Kama moshi unaheshimiwa kwenye maziwa, kwa nini kibuyu cha mnazi kisistahili hata maji ya moto?

Nitaambiwa: hayo ni ya kijijini, dunia imehamia kwenye chupa. Haya, tuitazame hiyo dunia. Nigeria walianza zamani kutia chupani mvinyo wao wa michikichi, na taasisi zao za utafiti, ile ya michikichi ya NIFOR na ile ya viwanda ya Oshodi, zimelifanyia kazi suala hilo kwa miongo mingi. Si watu wa kubahatisha. Lakini kinywaji kilicho hai hakikai chupani: hamira ikiendelea kula sukari, gesi hupasua chupa. Kwa hiyo hupashwa moto nyuzi 70 hivi ili kila kilicho hai kife, na mara nyingi hutiwa dawa ya kuhifadhi. Kinachobaki ni salama, kinasafirishika, na mnywaji aliyezoea wa mtini hukitambua kwa mnuso mmoja kwamba kimepikwa. Esta ni nyepesi, huruka na joto. Lile povu dogo linalochangamsha ulimi limekwisha. Na kwa sababu harufu imeondoka, ndipo kionjo cha nanasi kinapohitajika! Kiwanda huua harufu kisha kikatuuzia nyingine badala yake, na hiyo ndiyo inaitwa kuongeza thamani.

Kerala, kusini mwa India, walichagua njia nyingine, na hao ndio wa kuwatazama kabla ya kumtazama mwekezaji yeyote. Tembo la nazi huko huuzwa katika maduka maalumu yenye leseni, pamoja na samaki na muhogo, na watu husafiri kwa ajili ya chakula na kinywaji hicho. Wagema wana mfuko wa ustawi uliowekwa kwa sheria tangu 1969. Jimbo hilo lilipopiga marufuku pombe kali ya kienyeji ya araki mwaka 1996, tembo halikuguswa. Wana matatizo yao, wachakachuaji hawakosekani. Hata hivyo msingi wao ni sahihi: wamejenga mnyororo unaomfikishia mnywaji kitu kibichi, na fahari ya duka ni ubichi huo.

Wanaotuambia tuige bia nao hawaijui bia. Harufu na uchungu wa bia hutoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa na kupenda siku ndefu za kiangazi, kati ya latitudo 35 na 55 hivi. Ndiyo maana tangu Kenya Breweries ilipoanza Ruaraka mwaka 1922 ua hilo limekuwa la kuagizwa; barani Afrika hustawi kusini kabisa, kule George, Afrika Kusini. Sasa ona mtengenezaji wa bia, wa kiwandani au wa jikoni kwake, anavyolitumia. Akitaka uchungu, atachemsha hopsi muda mrefu, kama saa nzima, maana uchungu hautoki bila kuchemka. Akitaka harufu, atafanya kinyume: ataitia dakika za mwisho moto ukizimwa, au ataingoja bia ipoe na kuchacha kabisa ndipo aitumbukize, kwa sababu mafuta yenye harufu hupaa na mvuke. Ataihifadhi hopsi kwenye baridi mbali na hewa, kwani ikichakaa hunuka jibini. Na bia iliyotiwa hopsi kwa namna hiyo atakuhimiza uinywe mapema. Kila anayejua harufu anajua mambo matatu: joto ni adui, hewa ni adui, muda ni adui. Halafu sisi tunataka kuuboresha mnazi kwa kuuchemsha na kuuweka rafuni miezi sita.

Kuna kitu kimoja cha kujifunza kwenye hopsi, nacho ni kwamba mmea unaweza kufanya kazi ya kuhifadhi na ya kutia ladha kwa pamoja. Hilo nalikubali, na hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wanaosema mnazi usiguswe na chochote. Sri Lanka wagema hutia kipande cha gome la mti wa hal ndani ya chungu ili kuchelewesha uchachu. Nigeria na nchi jirani magome machungu hutiwa kwenye mvinyo wa michikichi. Na Visayas, huko Ufilipino, tembo lao la nazi, tuba, hutiwa gome la mkoko lililosagwa: hugeuka jekundu, hupata uchungu wa kukaza ulimi, bakteria hupunguzwa mwendo, na katika kisiwa cha Leyte hukomazwa hadi likawa kinywaji cha heshima kiitwacho bahalina. Mkoko wenyewe ni upi? Ceriops tagal. Sisi tunauita mkandaa. Umejaa Mida, umejaa hori ya Mtwapa, na magome ya mikoko ya Pwani hii yaliwahi kusafirishwa ng'ambo kwa kazi ya kusindika ngozi. Hopsi ya mnazi imesimama ndani ya maji kilomita chache kutoka kwenye minazi, na sisi tunawaza nanasi la unga.

Sisemi watu waingie Mida na mapanga. Mikoko inalindwa, kuikata kunataka kibali, na samaki wetu wengi hulelewa kwenye mizizi yake. Lakini boriti zinazovunwa kwa kibali zina magome, na gome la mti mmoja linatosha majaribio ya wagema wengi. Lijaribiwe kwa kikombe kabla ya kibuyu. Likaushwe, lisagwe, kidogo sana litiwe kwenye chombo kabla ya kutungikwa, na kando yake kitungikwe chombo kisichotiwa kitu, vionjwe vyote viwili jioni hiyohiyo.

Viungo vya jikoni navyo vina nafasi, ila kwa sharti la mtu wa hopsi. Mchaichai, ganda la ndimu lisilo na nyama nyeupe, iliki iliyopasuliwa: visichemshwe na mnazi, visilazwe pipani usiku kucha. Vitiwe mwishoni, kwenye jagi, nusu saa kabla ya kunywa, mnazi ukiwa kivulini umefunikwa kitambaa chenye maji. Zaidi ya hapo iliki hutawala na hunywi tena mnazi, unakunywa maji ya pilau. Na kiungo chochote kisitumiwe kuficha uvundo. Mnazi uliochina ukitiwa tangawizi unakuwa mnazi uliochina wenye tangawizi.

Wapo watakaosema kwamba bila chupa hakuna usalama, na watakumbusha watu waliokufa au kupofuka kwa pombe. Ni hoja nzito, hivyo ijibiwe kwa uzito. Makumi ya Wakenya waliokufa Mei 2014 waliuawa na methanoli iliyochanganywa kwenye vilevi vya viwango vya kutiliwa shaka. Hawakuuawa na utomvu wa karara. Ukiuogopa mnazi, ogopa wanaouchanganya. Na uchanganyaji hustawi pale asili ya kinywaji isipojulikana. Mnazi ambao mgema wake anajulikana na saa yake imeandikwa ni mgumu kuchakachua kuliko chupa yenye lebo ya kupendeza iliyotoka usikokujua.

Na sheria? Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 iliweka saa za mabaa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi. Kwa wiski saa hizo hazina madhara, wiski haijali. Kwa mnazi zina maana kubwa. Ukiifuata ratiba hiyo, mnazi wa alfajiri humfikia mnywaji ukiwa na karibu siku nzima tangu tone lake la kwanza, na ule mtamu wa mchana umelala pipani ukingoja kengele. Aliyeandika saa hizo alikuwa akifikiria chupa. Lakini leseni za vileo, chini ya Katiba ya 2010, ni kazi ya serikali za kaunti. Kilifi haihitaji kumngoja mtu Nairobi ili kudai mambo madogo: kila mtungi uandikwe saa ulipotungikwa na saa ulipoteremshwa, wa asubuhi usichanganywe na wa jioni, mangwe iwe na maji ya moto na mahali pa kukaushia mitungi, na pipa lisiongezwe kabla halijaisha na kuoshwa. Mkaguzi anayekuja kutafuta hongo akipewa kazi ya kunusa mitungi, atakuwa walau amefanya kitu.

Masikitiko ya mgema nayasikia: ukibaki, nitaumwaga? La. Mnazi uliogeuka siki ni siki, tena siki nzuri. Wafilipino huuza siki ya tuba waziwazi kwenye masoko yao na jikoni zao hazikauki bila hiyo, nasi tuna achari, kachumbari na samaki wa kupaka wanaodai kitu hichohicho. Hapo chupa inafaa, na lebo inafaa, kwa sababu siki haiozi, haipasui kizibo, na inaweza kwenda Nairobi kwa basi la usiku bila kupoteza kitu. Kama mheshimiwa hawezi kabisa kulala bila kufungua kiwanda, afungue cha siki.

Mnazi wa kunywa auachie mgema. Ampe kotama nzuri, mitungi misafi, kivuli cha kupumzishia mnazi, na mteja anayejua anachokinunua. Hilo la mwisho serikali haiwezi kumpa. Ni letu sisi tunaokunywa. Ukiingia mangwe yoyote kati ya Mtwapa na Mambrui, usianze kwa kuuliza bei. Muulize muuzaji chombo kilitungikwa saa ngapi, kisha umwombe mtungi uunuse mwenyewe. Akikataa kukupa, ondoka.